Tanki imefika 63, umezima, na bado inapanda

Kuna mama mmoja hapa Goma, kule Katindo, anatengeneza fromaji na maziwa ya Masisi, na siku aliniita alikuwa amechoka kabisa. Tanki yake mpya ya lita 100 iko na regulata ya namba nyekundu, siyo ile regulata ya kulinda frigo umeme ukiruka, hapana, hii ni ya joto. Ameweka 63, anakaa mbele yake, namba inafika 63, taa ya kupasha inazimika kweli, anaona na macho yake, na bado namba inaendelea: 64, 65, 67. Ikasimama 69. Aliyemuuzia alimwambia regulata imekufa anunue ingine, akanunua, na ile ingine ikafanya vile vile. «Fundi, hii mashine haisikii,» njo maneno alinipokea nayo mlangoni.

Mashine ilikuwa inasikia vizuri tu. Nimeona hii shida kwa watu wa maziwa, kwa watu wa sabuni, kwa jamaa anayechemsha maji ya kunyonyoa kuku, na kila mara pesa inaenda kwa regulata mpya wakati tatizo iko kwa tanki yenyewe na kwa namba tatu ambazo hakuna mtu aliwahi kuzigusa. Ndiyo maana naandika, na nitaenda polepole ju ukishaelewa joto iko wapi, namba zenyewe zinakuja kirahisi.

Ukipikia kwenye mbabula unajua hii jambo tayari. Maharagi ikitaka kumwagika huwezi kuambia makala izimike, makala ikishashika moto itatoa joto yake mpaka iishe, kwa hiyo unatoa makala mbili tatu mapema, au unainua sufuria. Umeme unatufanya tusahau ju kuna swichi, tunafikiri ukizima umeme umezima joto. Umezima umeme tu. Joto ambayo ilishatoka kwa rezistansi, ile chuma ya umeme inayopasha, na haijafika kwa maziwa, hiyo iko njiani, na itafika.

Sasa ile tanki ya mama. Ni ya kuta mbili: ndani maziwa lita 100, kati ya kuta maji lita 40, na rezistansi ya kilowati 6 iko ndani ya yale maji, maziwa haigusani na rezistansi, na ni vizuri hivyo ju ingeungua. Nikafungua tundu la kujazia maji, nikaingiza termometa wakati maziwa inasoma 63. Maji ilikuwa 85. Hapo nikajua kila kitu. Maji ya kuta iko juu ya maziwa kwa digrii 22, na hakuna regulata duniani itazuia ile joto kuingia kwa maziwa ukishazima.

Inaingia kiasi gani? Hesabu ni ya shule tu. Lita 40 mara digrii 22 ni 880. Maziwa lita 100 inabeba joto karibu sawa na maji lita 97, ongeza zile 40, unapata 137. Gawa 880 kwa 137, unapata 6.4. Yani maziwa itatoka 63 iende karibu 69.4 halafu maji na maziwa zitakuwa sawa. Mama aliona 69. Mashine haikukosea hata kidogo, ilifanya kile hesabu inasema.

Na kwa tanki ya kupasha kuna ubaya wa pili: regulata inaweza kuongeza joto lakini haiwezi kuitoa. Ukipitiliza unangoja tu. Hii tanki imefunikwa vizuri na pamba ya vioo, kushikilia 63 inataka karibu asilimia 8 tu ya nguvu ya rezistansi, wati 480 hivi, maana yake ikiachwa peke yake inapoa digrii 1 kwa dakika 20. Kutoka 69 kurudi 63 ni masaa mawili! Kadiri tanki yako imefunikwa vizuri, ndivyo kosa la kupitiliza linakugharimu zaidi. Mama alikuwa anafungua robine ya chini, anamwaga maji moto, anajaza maji baridi, kila siku.

Kwa fromaji hii siyo jambo la kusema haidhuru. Pasterizasho ya polepole ni digrii 63 kwa dakika 30, chini ya hapo hujaua vijidudu vyote vya hatari, kwa hiyo huwezi kukwepa ukasema niweke 57 halafu ijipandie yenyewe, siku itapanda kidogo utauzia watu maziwa haijapasterizwa. Na ukivuka 70 ukakaa huko, protini za maji ya maziwa zinaanza kubadilika, zinajishika kwa kaseini, ile protini inayofanya mgando, halafu ukitia dawa ya kugandisha mgando unakuwa laini, unavunjika, hautoi maji vizuri, na ile fromaji ngumu ya duara ambayo watu wa Goma wanaijua haipatikani. Unabaki na 63 mpaka labda 66. Dirisha ni ndogo.

Basi tuingie ndani ya regulata. Ukibonyeza SET kwa muda kidogo zinatokea herufi P, I na D. Namba unayotaka kufikia, hapa 63, mafundi tunaiita konsinye.

P ni upana wa sehemu ambayo regulata inaanza kupunguza nguvu. P ikiwa 10, inapasha kwa nguvu yote mpaka 53, halafu inapunguza kidogo kidogo, kwa 58 iko nusu, kwa 63 iko sifuri. Hapa watu wanapotea sana ju wanasoma kwenye intaneti kwamba «P kubwa ni kali», lakini kwa regulata nyingi za sokoni P inahesabiwa kwa digrii, au kwa asilimia ya kipimo chote, na hapo P kubwa ni laini, P ndogo ni kali. I pia iko kinyume: inahesabiwa kwa sekunde, I kubwa ni ya polepole, I ndogo ni kali. D peke yake njo ukubwa wake ni ukali wake. Nimeona fundi mzuri kabisa akizungusha namba siku nzima upande wa kinyume, ni kwa ajili ya hii tu.

P peke yake haitoshi. Ukifika 63 nguvu ni sifuri, lakini tanki inataka ile asilimia 8 ili isipoe, kwa hiyo itatulia chini kidogo ya 63, na kwa pasterizasho chini kidogo siyo 63. Hapo njo I inaingia. I inakusanya deni: kila sekunde maziwa iko chini ya konsinye inaandika deni, na inaongeza nguvu kulingana na lile deni mpaka limalizike. Kazi yake ya kweli hapa ni kutafuta ile asilimia 8. Lakini fikiria maziwa inatoka digrii 20, inapanda zaidi ya saa nzima mpaka 63, na muda huo wote I inaandika deni, deni, deni. Kufika 63 imejaa. Sasa ili lile deni litoke, maziwa lazima ikae JUU ya 63 kwa muda, hakuna njia ingine, hesabu yake iko hivyo. Ndiyo maana kuna siku ingine mama aliona taa inawaka wakati namba imeshapita 63, akafikiri ni uchawi. Regulata nzuri zinasimamisha kuandika deni mpaka maziwa iingie ndani ya upana wa P, zingine hazifanyi hivyo, na hata zile nzuri, ukiweka I ya haraka kwa tanki ya polepole utapitiliza tu.

D ndiyo ninayoipenda, na ndiyo watu wanaiogopa. D inaangalia mwendo: maziwa inapanda kwa kasi gani sasa, na kwa hiyo itakuwa wapi baadaye. Mtu aliyeandika hesabu ya hizi tatu pamoja, mwaka 1922, ni Nicolas Minorsky, Mrusi aliyehamia Marekani, na hakuwa anafikiria joto, alikuwa anafikiria usukani wa meli za kivita. Aliona mshika usukani mzuri haangalii tu meli imepinda kiasi gani, anaangalia pia inageuka kwa kasi gani, na anarudisha usukani kabla pua ya meli haijafika. Wale wanaopanda boti ya Bukavu wanaona hii kila safari: nahodha anapunguza mashine mbali na bandari ya Goma, boti inakuja yenyewe mpaka ukutani. Angengoja afike ndipo azime, angevunja.

Na D inahesabiwa kwa sekunde kwa sababu njo muda wa kuangalia mbele. Shika hii vizuri, ju ndiyo ilitatua tanki ya mama. Regulata nyingi zinatoka kiwandani na I 240 na D 60. D 60 ni kusema regulata inaangalia dakika 1 mbele. Tanki ya mama kwa nguvu yote inapanda digrii 0.63 kwa dakika. Kuangalia dakika 1 mbele ni kuona 0.63 ya digrii inayokuja. Lakini joto iliyo njiani ni digrii 6.4! Ile regulata ilikuwa inaona sehemu moja ya kumi ya kile kinachokuja. Ili ione yote inatakiwa iangalie dakika 10 mbele, yani D karibu 600. Na I 240, ni dakika 4, kwa tanki ambayo inachukua dakika 10 kuonyesha kile umefanya, hiyo inaandika deni na kulipiza kabla haijaona matokeo, ndiyo maana hata baada ya kupitiliza ilikuwa inashuka, inapita chini, inapanda tena, haitulii.

Namna ya kupata namba ya tanki yako ni rahisi na haitaki mashine yoyote, saa na karatasi tu. Jaza maji, usitumie maziwa, jaza kiasi kile kile unachofanyia kazi. Washa kukoroga. Pasha kwa nguvu yote na andika joto kila dakika. Ikifika 50 zima kabisa, endelea kuandika mpaka iache kupanda. Kasi ya kupanda kabla ya kuzima, hiyo ni namba ya kwanza. Kiasi ilichopanda baada ya kuzima, hiyo ni ya pili. Gawa ya pili kwa ya kwanza unapata dakika, zidisha mara 60, hiyo ni D yako. Sisi tulizima kwa 50 ikaenda mpaka 56 na kidogo. I weka mara nne ya D, ule ni uwiano wa zamani na hata zile namba za kiwanda 240 na 60 zinaufuata, kwa hiyo kwetu 2400. P usiiweke chini ya ile digrii uliyopitiliza, anza na mara moja na nusu, sisi tulianza na 10. Namba ya joto ikicheza cheza D kubwa itafanya nguvu iruke ruke, hapo ishushe kidogo, sisi tulibaki na 500.

Usirithi namba za jirani. Na hata kwa tanki yako mwenyewe: siku maziwa imekuja kidogo ju barabara ya Masisi ilikuwa mbaya, ukaweka lita 50, ile 880 inagawiwa kwa 88 tu, unapata digrii 10. Hata ikiwa maji ya kuta iko juu kwa 22 ile ile. Nusu tanki inapitiliza zaidi kuliko tanki nzima, na watu wanatarajia kinyume.

Kuna jambo la umeme wetu ambalo vitabu vya Ulaya havisemi. Nguvu ya rezistansi inafuata mraba wa volti. Volti ikishuka kutoka 220 mpaka 180, kama jioni watu wote wanapika, rezistansi ya kilowati 6 inakuwa kilowati 4 tu. Ukiregle tanki, yani ukipanga namba zake, jioni hiyo, utasema ni nzuri, inatulia, unaenda nyumbani. Asubuhi umeme uko 220, rezistansi inapiga mara moja na nusu ya ile uliyoregle, na tanki inapitiliza, na mwenye tanki anakupigia simu. Regle saa umeme uko na nguvu. Ikiwa nzuri kwa 220, kwa 180 itakuwa ya polepole tu, haitakuharibia kitu.

Na sonda, ile sindano ya kupima joto. Kabla ya kugusa P, I, D, hakikisha sonda inasema ukweli, na hapa Goma kuna mtego. Mtu anaichovya kwa maji inayochemka, inasoma 95, anasema imepotea digrii 5, anaingia kwa regulata anaongeza 5. Amejiharibia! Goma iko karibu mita 1500 juu ya bahari, maji inachemka kwa 95 hapa, sonda ilikuwa sawa. Sasa akisoma 63 maziwa iko 58 na hajui. Tumia barafu iliyopondwa na maji kidogo, koroga, ngoja, hiyo ni 0 hapa na ni 0 Kinshasa. Sonda ya Pt100 ukiipima na multimeta kwa barafu itatoa omu 100. Halafu angalia imekaa wapi: ikigusa ukuta inasoma ukuta, na bila kukoroga maziwa ya pembeni na ya katikati zinaweza kutofautiana digrii nyingi, hapo unaregle tanki ambayo haipo.

Watu wananiuliza kwa nini nisibonyeze AT ijireglee yenyewe. Unaweza, na mara ingine inasaidia. Lakini ujue inafanya nini: inawasha na kuzima makusudi ili joto ipite juu na chini ya konsinye, inapima mawimbi, halafu inahesabu. Njia hiyo ni ya Karl Johan Åström na Tore Hägglund wa Uswidi, 1984. Kwa tanki inayopoa kwa masaa mawili ni siku nzima, umeme ukikatika katikati unaanza upya, na ikifanywa na maziwa ndani umepoteza maziwa. Fanya na maji, na konsinye ya chini kama 50. Na kanuni za zamani ambazo nyingi ya hizi zinatokana nazo, zile za Ziegler na Nichols za 1942, zilitafutwa ili kila wimbi liwe robo ya lile lililotangulia. Yani kupitiliza imo ndani yake tangu mwanzo, ilikuwa inafaa kazi zao. Kwa maziwa, ukipata namba za AT, zidisha P mara mbili kwanza, halafu jaribu.

Kama regulata yako haina D ya maana, au umechoka na namba, kuna njia ya fundi wa chuma: weka termosta ya pili ndani ya maji ya kuta, ikate rezistansi maji ikifika 70. Sasa joto iliyo njiani haiwezi kuzidi lita 40 mara digrii 7, gawa kwa 137, digrii 2. Unafika 65, uko ndani ya dirisha. Gharama yake ni muda, digrii za mwisho zitakuja polepole ju maji haiko tena moto sana kuliko maziwa. Mimi kwa mtu anayeanza ningefanya hii kwanza, na namba baadaye.

Na hata ukiwa na regulata nzuri kabisa, ile termosta ya pili usiitoe, iache kama mlinzi. Rele statiki, ile swichi ya umeme ambayo regulata inatumia kuwasha rezistansi, ikiungua mara nyingi inabaki imefunga, maana yake regulata inasema zima na umeme unaendelea kupita. Termosta hiyo iwe na kontakta yake peke yake, yani swichi yake kubwa ya kukata umeme, isipitie kwa rele ile ile.

Kwa mama tulimaliza na P 10, I 2400, D 500, termosta ya maji tukaiweka 80 kama mlinzi tu. Siku ya kwanza na maziwa alikaa mbele ya tanki kama zamani, mkono kwa robine. Kabla haijafika 53 taa ikaanza kuwaka na kuzimika, akasema imeanza tena. Nikamwambia mama ngoja. Ikapanda polepole, 60, 62, ikachukua karibu nusu saa kwa zile digrii za mwisho, ikagusa 63.7, ikarudi 63.2, na hapo tukaanza kuhesabu dakika 30.